Kijana wa miaka 18 na gari la turbo: mambo ya kufanya kabla ya kumpa ufunguo

Kenya na Tanzania, leseni inayomruhusu kijana kuendesha Vitz ndiyo hiyo hiyo inayomruhusu kuendesha Subaru STI. Hakuna anayemuuliza gari lina nguvu kiasi gani. Kipimo, basi, ni juu ya mzazi, na kinaanza na hesabu.

Chukua nguvu za injini kwa kilowati, ugawanye kwa uzito wa gari kwa tani. Ukipewa nguvu za farasi, zizidishe kwanza kwa 0.735. Impreza WRX STI ya Japani yenye farasi 280 ina kilowati 206 na uzito wa kama tani 1.4, kwa hiyo jibu ni 147. Mark X ya 2.5 hutoa karibu 105, ya 3.5 karibu 150, na Vitz ya 1.0 haifiki 60. Huko Victoria na New South Wales, Australia, dereva mpya hakubaliwi kuendesha gari linalozidi 130. Kwa barabara zetu zisizo na taa, zenye matuta yasiyochorwa, tunashauri mwaka wa kwanza asivuke 75. Kama gari la nyumbani linavuka hapo, atafutiwe jingine la kuanzia.

Turbo ina tabia yake, na ndiyo inayowaponza wageni. Ni feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na huzungushwa na moshi wa eksozi, kwa hiyo injini ikizunguka polepole, gari huenda kama gari la kawaida. Kijana yuko katikati ya kona, anakanyaga mafuta, gari haliitiki. Anaongeza. Punde nguvu zote zinakuja kwa mkupuo, na usukani bado umekata. Anashtuka, anaachia mafuta ghafla na kukanyaga breki. Uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi, nyuma inafagia kuelekea mtaroni. Mfundishe hivi mpaka mguu wake uzoee: spidi inapunguzwa kabla ya kona, mafuta yanaongezwa usukani ukishaanza kunyooka. Na asidanganyike kwamba gari linalovuta kwa magurudumu yote manne litamwokoa. Hilo humsaidia kuondoka. Kwenye kusimama halimwongezei kitu.

Kusimama kwenyewe kunahitaji nafasi kuliko vijana wengi wanavyodhani. Ukihesabu sekunde 1.5 za kuona na kuhamisha mguu, kwenye lami kavu na breki nzima, gari la kilomita 50 kwa saa husimama baada ya mita 35 hivi. Kwa 100 ni karibu mita 97, kwa 140 zinafika 166. Lami ikilowa, hasa mvua ya kwanza inapochanganyika na vumbi na oili, ongeza sana.

Kabla hajaligusa, likague mwenyewe. Ubavuni mwa tairi kuna namba inayoanza na DOT, na tarakimu zake nne za mwisho ni tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita, badilisha hata kama meno yapo; meno yenyewe yakishuka chini ya milimita 1.6, limekwisha. Angalia pia herufi ya spidi ya juu ambayo tairi linahimili: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, maana hunyonya unyevu, na yakipata moto huchemka na pedali ikazama. Kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu), za eabegi na ile ya gari linaloteleza zinatakiwa kuwaka kwa muda, kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki imewaka. Huenda mtu ameing'oa ili kuficha ubovu. Springi zilizokatwa na injini iliyoongezwa nguvu huku breki zikiachwa za zamani, gari hilo usimpe.

Halafu tafuta eneo tupu lenye lami, lisilo na watu. Kaa naye mbele, mikanda imefungwa. Aanze na 30, kisha 50, na akanyage breki kwa nguvu zote. ABS ikifanya kazi, pedali hutetemeka na kukwaruza chini ya mguu, na wengi huachia wakidhani kitu kimevunjika. Asiachie: aendelee kukanyaga huku akipinda kukwepa. Rudieni mara kumi, siku mbili tofauti.

Miezi sita ya kwanza asibebe marafiki. Wakijaa wanne garini, kijana huendesha kwa macho yao. Simu ikae kwenye buti. Soma pia mkataba wa bima kubwa, kwani nyingi zina kifungu kuhusu umri na uzoefu wa dereva, na mzigo wote unaweza kukuangukia wewe.

Saa nne usiku ufunguo uwe umerudi ndani. Taa za chini humulika mita 40 hadi 60 tu. Lori lililoharibika bila rifleksa halionekani mapema. Mwonyeshe mchana matawi ambayo madereva huweka barabarani nyuma ya gari bovu, na mwambie akiyaona aondoe mguu kwenye mafuta saa ile ile, kabla hajaliona lori lenyewe.