Jinsi ya kushona koti la kesho, yani la mtindo wa siku zijazo, kwa kanga bila kuua maana yake

Kabla hujashika mkasi tandaza kanga yako chini uisome kwanza, maana kanga ina vitu vitatu, pindo linalozunguka pembeni, mji pale katikati, na jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji, na hapo kwenye jina ndo wengi wanaharibu, wanakata katikati ya neno ujumbe unabaki vipande vipande. Msifanye hivyo jamani! Jina liache zima, liweke mgongoni lisomeke hata na mtu aliye mbali.

Kanga inauzwa kwa doti, yani vipande viwili vinavyofanana, kwahiyo kimoja kata, kingine kitunze kama kilivyo.

Sasa lete mambo ya kesho, mabega mapana yenye kona, zipu ya chuma iliyokaa mshazari, kola ndefu iliyosimama. Ila kanga ni pamba nyepesi, kola haitasimama yenyewe, weka kitambaa kigumu kwa ndani. Ukitaka taa za LED pitisha waya ndani ya mkunjo wa pindo, na zote ziwe za kuchomoa, koti si litafuliwa?

Ukiposti picha andika na jina la kanga, kama maana huijui muulize bibi au shangazi kwanza.