Kuufuata mto Sigi toka Tanga mpaka Amani bila kuvunjika mguu

Sisi watu wa Tanga mgeni akija tunampeleka Raskazone akaogelee, usiku mihogo na pweza, kesho yake anapanda basi huyo kaondoka. Na maji anayooga kwetu yanatoka mto Sigi, pale bwawa la Mabayani, ila ukimuuliza mwenyeji mto wenyewe unaanzia wapi anakujibu "huko milimani" halafu anaendelea na kahawa yake. Sasa huko milimani ndo kwenye makorongo, maporomoko na njia za msituni, na siku mbili zinatosha kabisa, moja ya hapa karibu na moja ya juu.

Anza na Amboni, usiparamie mlima kama miguu imezoea sakafu tu. Ni kama kilomita 8 toka mjini, barabara ya Horohoro, unashuka unachukua boda mpaka Kiomoni. Wengi wanaenda kwa ajili ya mapango na mwongozaji yupo palepale, usiingie bila yeye maana mle ukizima tochi hata mkono wako huuoni, na sehemu ya mizimu watu wanaacha sadaka zao kwa hiyo heshima kidogo, usishikeshike vitu vya wenyewe. Ila ukitoka usiwahi kurudi mjini. Mwombe mwongozaji akushushe kwenye korongo la mto Mkulumuzi, uangalie yale magema ya chokaa kwa nje, ndo utaelewa mapango yalichimbwa na nani, ni maji tu, miaka na miaka yanalamba jiwe. Kaeni mpaka magharibi popo wanapotoka pangoni, wanatoka kama moshi wa tanuri.

Siku ya pili Amani, huko juu kwenye msitu wa hifadhi milima ya Usambara Mashariki. Hapa siri ni moja tu, toka alfajiri. Gari la Muheza lipo muda wote lakini toka Muheza kupanda Amani ni barabara ya vumbi, na mvua ikinyesha hilo vumbi linakuwa sabuni. Mi niliwahi kwenda mwezi wa nne, kiburi tu, na boda, tukateleza tukaingia mtaroni wote wawili na simu ikanywa maji. Siku hizi simu naitia kwenye kile kikontena cha plastiki cha kubebea maandazi, kinafunga vizuri kuliko mfuko wowote. Masika, yaani mwezi wa tatu mpaka wa tano, usiende. Januari na Februari pazuri, Juni mpaka Septemba pazuri zaidi, ila beba sweta, kule ni karibu mita 900 toka usawa wa bahari na mtu wa pwani anatetemeka mchana kweupe.

Shukia geti la hifadhi pale Sigi, Kisiwani, usipitilize. Hapo ndo unalipia na ndo unapata mwongozaji, na kama wewe ni raia beba kitambulisho maana bei ya mzalendo na ya mgeni ni mbingu na ardhi. Zamani hapo palikuwa stesheni. Mjerumani alijenga kireli kidogo toka Tengeni mpaka Sigi, upana wa sentimita 75 tu, kazi yake kushusha magogo ya msituni yaunganishwe na reli kubwa ya Tanga ambayo ilianza kujengwa 1893. Reli ndogo imeshang'olewa, nyumba ya mkuu wa stesheni ndo imebaki.

Kwenye madaraja sasa naomba tuelewane. Madaraja ya reli kubwa ya Tanga yanapendeza kwenye picha, najua, lakini treni ya abiria ya Moshi ilirudi 2019 na ya mizigo inapita pia, kwa hiyo piga picha ukiwa pembeni, usisimame katikati ya daraja. Na vile vidaraja vya njia ya Amani, kama maji yamepanda juu ya daraja usivuke hata kama dereva anakwambia "hamna shida bosi".

Tukirudi msituni. Toka getini kuna njia inayopanda taratibu kufuata upande wa mto, chukua hiyo. Suruali ingiza ndani ya soksi, utaonekana mshamba ila siafu hawaangalii mtindo. Raba ziwe na meno, ndala acha nyumbani. Ukifika kwenye mawe yenye kivuli karibu na maji inama uangalie chini ya jiwe, kuna kimmea kidogo majani manene yenye manyoya, kimebana kwenye ufa, na kikiwa na maua ni zambarau. Hicho kinauzwa madirishani Ulaya nzima, na mbegu za mwanzo alizipeleka yule mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Saint Paul, ndo maana wengi wanakiita Saintpaulia, 1892 hiyo. Usikichume.

Kwa maporomoko omba njia ya Derema, inakupitisha kwenye mashamba ya chai pia. Pale kwenye maporomoko ndo watu wanapoumia. Jiwe jeusi linalong'aa usilikanyage, lile lina utelezi wa kijani usiouona, kanyaga jiwe la kijivu lililokauka, na kabla ya kuhamisha uzito jaribu kwanza kwa fimbo. Usipande juu ya poromoko kutafuta picha. Kuoga sawa kama mwongozaji kakubali, ila sikio liwe mtoni. Maji yakibadilika rangi yakawa kama chai ya maziwa, au ukaona majani na vijiti vinaelea ambavyo dakika tano nyuma havikuwepo, juu kumenyesha, toka hapohapo upande ukingoni, viatu utavaa baadaye. Hata kama kwako jua linawaka.

Ukibaki na nguvu pitia bustani ya mimea ya Amani, ya 1902, kuna mpaka mikwinini waliyoipanda kwa ajili ya dawa ya malaria. Ile ya Pangani Falls kule Hale watu hupenda kuiulizia, lakini maji yale yanaendesha mitambo ya umeme, ni eneo la ulinzi, usije ukafunga safari kwa ajili yake.

Saa tisa anza kushuka, usafiri wa jioni kule hauna ahadi. Ukifika Muheza nunua machungwa, na iliki ununue kwa kipimo, ile ya kwenye vipaketi wanakupunja.