SOMO: Tairi za foklifti, anza na sakafu kabla ya bei

Wakuu habari za leo. Mtu anaingia dukani anauliza "tairi ya foklifti bei gani" (ile mashine ya kunyanyua mizigo kwa uma) bila kusema mashine inapiga kazi wapi, hapo muuzaji atakupa alichonacho tu.

1. Angalia inapotembea. Yadi ya vumbi na mashimo weka za upepo, zinameza mtikiso na dereva jioni mgongo unakuwa mzima. Ila kwenye misumari, vioo au vyuma chakavu za upepo zitakumaliza kwa pancha, hapo weka solidi, umbo ni lilelile ila mpira mtupu mpaka ndani, inarusha kidogo lakini pancha utaisahau.

2. Godauni lenye zege laini kuna zile mashine fupi za tairi ya kukandamizwa na presi, mpira umegandishwa kwenye pete ya chuma. Zinakata kona kwenye njia nyembamba balaa, ila itoe nje mvua imenyesha uone inavyokwama. Na usije ukasema nitaifunga za upepo, haiwezekani, mashine yenyewe imeundwa tofauti.

3. Za umeme za kwenye shelfu ndefu zinavaa poliyurethini, aina ya plastiki ngumu. Gurudumu dogo linabeba mzigo mzito, adui yake maji na mafuta, linateleza.

4. Saizi soma ubavuni. Mashine za kubeba tani 3 nyingi ni 28x9-15 mbele na 6.50-10 nyuma, tani 2.5 ni 7.00-12 na 6.00-9, ila soma yako usikisie.

5. Kufungua, hapa naomba tuelewane. Rimu nyingi za upepo ni vipande viwili vilivyoungwa kwa nati, na kuna nati nyingine za kushika rimu kwenye mashine, sasa fundi akichanganya akalegeza za kuunga wakati upepo umo ndani ile rimu inaruka, na watu wanakufa kweli. Toa upepo WOTE, chomoa na sindano ya valvu, ndo uguse spana.

MASWALI

– Mkuu zile nyeupe ni urembo au?
Hapana, hazina ile kaboni nyeusi inayochanganywa kwenye mpira kwa hiyo haziachi michirizi sakafuni, utaziona viwanda vya chakula na dawa. Zinaisha haraka, na umeme tuli unajikusanya ndo maana wengine wananing'iniza mkanda wa kuushusha chini.

– Solidi nitajuaje imeisha?
Ubavuni kuna mstari, mpira ukilika mpaka pale toa. Ikinyofoka mapande makubwa usisubiri mstari.

– Mbele nikiweka moja mpya na nyingine ya zamani kuna shida?
Ipo kubwa. Chukulia zimeachana mita 1 na zinapishana urefu sentimita 2, yaani ekseli imeinama sentimita 1, ukipandisha uma mita 4 mzigo umeshalala pembeni sentimita 4, na bado hujakata kona. Nunua pea.