Kitabu cha picha cha kuwasomea watoto: kuanzia faili la simu mpaka mkekani

Dada mmoja anayelea watoto wa majirani kule Buhongwa, Mwanza, aliniomba nimsaidie kupata vitabu vya picha vya Kiswahili. Watoto wenyewe ni wa miaka mitatu mpaka sita. Alikuwa na hadithi kadhaa kwenye simu, lakini akiifungua tu, vichwa vinajazana juu ya kioo, huyu anavuta huku, yule anabonyeza kule, hadithi inaishia hapo. Nimeandika hatua tulizofuata ili mwingine mwenye watoto, mkeka na steshenari ya jirani azifuate.

Niseme msimamo wangu mapema: mtoto mdogo asomewe kwenye karatasi. Karatasi hugeuzwa, na kwenye kitabu cha picha hadithi kubwa iko pale mkono unapogeuza ukurasa. Mtoto ameona mbuzi karibu na kamba, ukurasa haujageuka, na kichwani mwake tayari kuna mambo yanatokea. Ukilinda kitendo hicho umeshamsomea vizuri. Karibu kila ninachoelekeza hapa ni kukilinda.

Hatua ya 1: Chagua hadithi

Ingia African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini uliozinduliwa mwaka 2014. Una hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili, bure. StoryWeaver ya Pratham Books ya India nayo inafaa. Leseni zao zinakuruhusu kuchapa na kugawa, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Ule ukurasa wa mwisho wenye maandishi madogo usiuondoe ili kuokoa karatasi. Waliochora wanastahili kutajwa.

Hadithi za African Storybook zimepangwa kwa ngazi, kuanzia zenye neno moja moja kwa kila picha mpaka zenye aya ndefu. Kwa watoto wa miaka mitatu na minne mimi huchukua ngazi mbili za chini. Watu wengi hukimbilia zenye maneno mengi wakidhani ndizo zenye faida, kumbe maneno mengi humfanya msomaji akazanie mistari na mtoto abaki kusubiri picha.

Kipimo changu ni hiki: funika maneno kwa kiganja, pitia picha peke yake. Je, kuna jambo picha inalijua ambalo maneno hayasemi? Likiwepo, hicho ndicho kitabu. Mfano bora ninaoujua ni *Handa's Surprise* cha Eileen Browne, kilichotoka Uingereza mwaka 1994, na hadithi yake iko kwa Waluo wa Kenya, hukuhuku kwenye ziwa letu. Handa amebeba kapu la matunda saba kichwani, anampelekea rafiki yake Akeyo. Maneno yanaeleza tu anavyowaza ni tunda gani Akeyo atalipenda. Picha ndiyo inayoonyesha tumbili akichukua ndizi, mbuni pera, punda milia chungwa, tembo embe, na Handa hana habari. Mara ya kwanza nilipowasomea watoto kitabu hicho, nikiwatafsiria, binti mmoja wa nyuma alinyanyuka, akapita katikati ya wenzake na kuweka kiganja chake juu ya kapu ili twiga asifike kwenye nanasi. Kile si kitabu cha bure cha kuchapa, kwa hiyo ukikibahatisha kwenye vitabu vya mtumba kichukue. Hadithi za bure zitafute kwa kipimo hichohicho.

Hatua ya 2: Pakua

Pakua PDF, weka kwenye flashi. Ukipata yenye kurasa zilizosimama, chukua hiyo.

Hatua ya 3: Panga kurasa na uchape

Hapa ndipo tulipokaa steshenari mchana kutwa, kwa hiyo soma taratibu.

Lengo ni kuchapa kwenye A4 pande zote mbili, kisha kukunja katikati upate kijitabu. Kila karatasi inabeba kurasa nne. Kwa hiyo hadithi ya kurasa 16 inakula karatasi nne, ya kurasa 12 inakula tatu. Ugumu ni kwamba kurasa hazichapwi kwa mfuatano. Kwa kitabu cha kurasa 16, karatasi ya kwanza upande wa mbele ina ukurasa wa 16 kushoto na wa 1 kulia. Ukiigeuza, ina wa 2 kushoto na wa 15 kulia. Inayofuata ina 14 na 3, nyuma yake 4 na 13. Unaendelea hivyo mpaka karatasi ya katikati inayobeba 10 na 7 mbele, 8 na 9 nyuma.

Usijaribu kuyakariri. Kuna hesabu ya kukagua: kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi, ukizijumlisha, lazima upate idadi ya kurasa zote na moja juu yake. Kitabu cha kurasa 16 kila jozi ni 17. Cha 12 kila jozi ni 13. Ukikuta jozi haifikii hapo, simamisha uchapaji kabla wino haujaendelea kwenda.

Kompyuta inaweza kukupangia yenyewe, ila inategemea umefungulia wapi. Kijana wa steshenari akibonyeza faili mara mbili, mara nyingi litafunguka kwenye Chrome, na Chrome haina mpangilio wa kijitabu. Atakuambia haiwezekani. Mwombe kwa upole alifungue kwenye Adobe Reader, aende kuchapa, kisha achague "Booklet". Hapo utaona kwenye kioo kidogo kurasa zimeshajipanga. Kagua jozi ya kwanza kwa ile hesabu.

Kisha kuna kugeuza karatasi. Printa inayochapa pande mbili yenyewe iambiwe igeuze kwa upande mfupi wa karatasi. Ikigeuza kwa upande mrefu, picha za nyuma zitatoka miguu juu. Printa isiyochapa pande mbili nayo inafaa: kwenye menyu ileile chagua ichape upande wa mbele tu kwa karatasi zote, halafu rudisha rundo kwenye trei na uchape upande wa nyuma. Kila printa inavuta karatasi kwa namna yake, kwa hiyo chora mshale wa penseli kwenye karatasi moja tupu, ipitishe, uone mshale umetokea wapi na unatazama wapi. Kipimo hicho kinakula karatasi moja. Ukikiruka utaharibu kitabu kizima cha rangi, na rangi ndiyo ghali.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitazami kabisa, na kwangu ndilo kubwa. Kijitabu kikikunjwa, jalada ni ukurasa wa 1. Ukifungua, wa 2 na wa 3 vinaonekana pamoja. Ukigeuza, wa 4 na wa 5 pamoja. Maana yake kila jambo la kushtukiza linatakiwa liangukie ukurasa wenye namba shufwa, upande wa kushoto, yaani lionekane *baada* ya kugeuza. Kama swali liko ukurasa wa 6 na jibu liko wa 7, mtoto ameviona vyote kwa mpigo na hakuna cha kukisia. Hadithi nyingi za mtandaoni zilitengenezwa zisomwe picha moja moja kwenye kioo, kwa hiyo mchoraji hakuwa na sababu ya kuliangalia hilo.

Dawa yake ni kuongeza ukurasa mmoja mtupu mara baada ya jalada, ili vyote vinavyofuata visogee hatua moja. Programu za bure za kuunganisha PDF zinafanya hivyo. Ule mtupu wala haupotei: andika "Kitabu hiki ni cha…" na mtoto achore hapo. Lakini kumbuka, kitabu cha kurasa 16 sasa kina 17, na kwa kuwa lazima zigawanyike kwa nne, kitakuwa cha 20. Adobe Reader itajaza kurasa tupu mwishoni yenyewe, na hesabu yako ya jozi inabadilika kuwa 21. Kama hadithi ina mishtuko kadhaa na baadhi imekaa vizuri, baadhi vibaya, chagua ule mkubwa uulinde huo.

Kuhusu printa, chagua ya tona, yaani ya wino wa unga. Wino wa maji unachuruzika vidole vya mtoto vikiwa na mate au jasho, na hapa kwetu msimu wa mvua karatasi yenyewe huwa na unyevu. Kama hela ni ndogo, chapa ukurasa mmoja kwa nyeusi kwanza. Michoro ya mistari hutoka safi; iliyopakwa rangi nzito hugeuka doa, na hiyo bora ungoje mpaka hela ya rangi ipatikane. Ndani gramu 80 inatosha. Jalada weka manila.

Hatua ya 4: Shona

Sipendi stepla kwenye vitabu vya watoto wadogo. Pini hupata kutu, hulegea, na mtoto huweka kila kitu mdomoni. Nenda Mwaloni Kirumba au duka lolote la zana za uvuvi, nunua uzi mwembamba wa kushonea nyavu. Haukatiki na haujali maji.

Kunja karatasi zote pamoja, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: katikati, juu, chini. Ingiza sindano tundu la katikati ukitokea ndani, toka nje. Rudi ndani kwa tundu la juu. Vuta uzi ndani moja kwa moja mpaka tundu la chini, ukipita la katikati bila kuingia, toka nje. Rudi ndani kwa la katikati. Ncha mbili za uzi ziwe huku na huku ya ule uzi mrefu, kisha zifunge.

Hatua ya 5: Soma

Pitia kitabu peke yako kwanza, kwa sauti. Keti chini sawa na wao, wakae nusu duara, kitabu ukishike pembeni ya uso wako na si mapajani. Fanya kabla giza halijaingia, maana ukiwasha taa wadudu wa ziwani watawahi kufika kuliko watoto.

Anza kwa "Hadithi, hadithi!" wakujibu "Hadithi njoo!" Onyesha jalada, nyamaza. Soma maneno ya ukurasa, halafu shika kona ya karatasi bila kuigeuza na uulize, "Sasa?" Nyamaza tena, kwa muda mrefu kuliko unavyopenda. Mkimya kuliko wote huwa anajibu mwishoni, na ukigeuza mapema hutamsikia. Akijibu kwa Kisukuma au Kikerewe, pokea, rudia kwa Kiswahili ndani ya sentensi yako, endelea. Usimsahihishe.

Maswali yenye jibu moja, kama "Hii ni rangi gani?", yaache. Uliza "Huyu anafanya nini?" au "Kwa nini amejificha?" Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu wazazi waliofundishwa kuuliza maswali ya wazi namna hiyo wakati wa kusoma vitabu vya picha. Ndani ya mwezi mmoja watoto wao walikuwa wakizungumza vizuri kuliko watoto wa wazazi waliosoma kama kawaida.

Wakiomba hichohicho kesho, soma hichohicho.

Hatua ya 6: Tunza

Ndoo yenye mfuniko. Inazuia panya, mende na unyevu, na mtoto anaweza kuifungua mwenyewe. Ukurasa ukichanika, bandika selotepu pande zote mbili siku hiyohiyo. Uzi ukilegea, ukate ushone upya kwa matundu yaleyale. Na faili lake usilifute kwenye flashi, kwa kuwa jalada ndilo litakalotangulia kuchakaa na utataka kulichapa peke yake.