Somo: Kupaka ukuta wa sebule nyekundu ya tofali

Habari za jioni wanachama. Wiki hii nimeulizwa sana juu ya ukuta mwekundu, na kwa kuwa ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, leo naieleza kwa kirefu. Siongelei nyekundu kali ya vibao vya maduka. Naongelea zile zenye asili ya udongo: tofali la kuchoma, ngeu ya maseremala, mpaka damu ya mzee. Ndani yake mna chembe ya njano au kahawia, ndiyo maana chumba huonekana kama kuna jiko linawaka pembeni. Nyekundu yenye ubluu, ile ya juisi ya rozela, ina tabia nyingine kabisa na leo siigusi.

Hatua ya 1: Chagua ukuta kabla ya rangi. Ukuta mmoja unatosha. Kaa sebuleni jioni uangalie jua linaingilia wapi. Wengi wetu hapa Mwanza tunaliona ziwa upande wa magharibi, hivyo dirisha linalotazama maji ndilo linaloleta jua la jioni, na ukuta unaotazamana nalo ndio unaopokea. Kuanzia saa 11 ukuta huo utawaka kama kaa la moto, utaita watu waje waone. Jua likishazama, macho yetu hupoteza wekundu mapema kuliko rangi nyingine, na ukuta uleule utaonekana mweusi-mweusi mpaka uwashe taa.

Hatua ya 2: Ijaribu nyumbani kwako. Kadi ya dukani ni ndogo, na taa ya dukani si taa yako. Nunua kopo dogo kabisa, paka kipande cha jasi au ubao mweupe mikono miwili, yaani tabaka mbili, ukiegemeze ukutani siku nzima. Kitazame asubuhi, saa 8 mchana, jua likizama, na usiku taa ikiwaka.

Hapo kwenye taa ndipo wengi wanapoumia. Mama mmoja wa Nyegezi aliniita nirudie ukuta mzima, akisema nimempakia rangi ya maini. Nilifika mchana nikaukuta ukuta uko sawa. Tulipowasha taa usiku, kweli, maini matupu. Balbu zake zilikuwa nyeupe za 6500K; K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikipanda mwanga unaelekea ubluu, ikishuka unaelekea njano. Tukaweka mbili za 3000K, tofali likarudi palepale, brashi sikuigusa. Soma namba hiyo kwenye boksi: kati ya 2700K na 3000K ndiyo inayoipendeza nyekundu ya namna hii.

Hatua ya 3: Hakikisha ukuta ni mkavu. Plasta mpya ipe siku 28 angalau. Saruji mbichi ina ukali unaobabua rangi, na baadhi ya nyekundu hutoka madoa kama ngozi yenye mba. Sisi wa milimani tuna la ziada. Nyumba nyingi za mjini humu zimeegemea miamba, na mvua za Machi hadi Mei hupenya nyuma ya ukuta polepole. Maji yakikauka yanaacha chumvi nyeupe kama unga. Kwenye rangi ya krimu hutaiona, kwenye nyekundu utaiona ukiwa mlangoni. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa tepu, pande zote nne, saa 24. Ukikuta matone kwa ndani, usipake. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi.

Hatua ya 4: Andakoti, yaani rangi ya chini inayotangulia, iwe ya kijivu. Mafundi wengi wanaruka hapa, kisha wanalaumu rangi. Nyekundu iliyokoza huchanganywa na rangi nyeupe kidogo sana, na huo weupe ndio unaoziba kilicho chini. Juu ya ukuta mweupe utapaka mikono minne, mitano, na bado mchirizi wa rola unaonekana. Andakoti ya kijivu cha wastani, mfano wa jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, likiwa kavu, inakupunguzia mikono hiyo.

Ukuta wa mita 4 kwa mita 2.7 ni kama mita za mraba 11. Lita moja hufunika karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono mitatu inakula lita tatu na kitu. Chukua kopo la lita 4. Ukinunua zaidi ya moja, mimina yote kwenye ndoo moja ukoroge, maana makopo mawili ya namba ileile yanaweza kupishana kidogo.

Hatua ya 5: Kupaka. Anzia kona, juu kwenda chini, usiache ukingo ukauke kabla hujauunganisha. Usirudi kuziba kidoa baada ya nusu saa, kitabaki kama kiraka. Na fanya kazi mchana. Nimewahi kumalizia usiku, dirisha wazi, taa imewashwa, na vile vidudu vya ziwani vinavyoruka kama moshi vikanasa kwenye rangi mbichi kwa mamia. Kesho yake nilipiga msasa ukuta mzima.

Kuta zilizobaki paka krimu. Mbao, mkeka na vikapu vinakaa vizuri na nyekundu hii.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Buhongwa:* Shikamoo fundi. Sebule yangu ni futi 10 kwa 10, dirisha moja dogo. Haitakuwa finyu?

Marahaba mwanangu. Ukipaka kuta zote nne, ndiyo, itakubana. Paka ule wa nyuma ya makochi tu. Na usitegemee raha ya mchana: chumba chako kitapendeza usiku, kwa hiyo pesa ya kwanza weka kwenye balbu.

*Mwanachama wa Igoma:* Mume wangu ni Yanga damu, anasema hawezi kulala nyumba ya Simba.

Dada, mwonyeshe ubao wa majaribio kabla hujataja neno nyekundu. Tofali halina uhusiano na jezi ya Simba. Ila nyumba ni yenu wote wawili, akikataa baada ya kuuona, chukueni kahawia.

*Mwanachama wa Pasiansi:* Ukuta wangu una rangi nyekundu ya mafuta ya zamani sana, inabanduka. Nipige msasa? Nina mtoto wa miaka miwili.

Usipige msasa mkavu, tafadhali sana. Rangi za mafuta za zamani, hasa nyekundu na njano, zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Mpeleke kwa bibi yake siku hizo, na mjamzito asikae humo pia. Lowesha ukuta, kwangua ukiwa umelowa, vaa barakoa ya vumbi, usichome kwa moto. Kusanya magamba kwenye mfuko ufunge, futa sakafu kwa kitambaa kibichi mara mbili, usifagie. Kisha andakoti inayoshika juu ya rangi ya mafuta, la sivyo rangi ya maji itabanduka kama ganda la kitunguu.

*Mwanachama wa Mabatini:* Nimepanga. Nikihama mwenye nyumba akitaka krimu yake?

Muombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kupaka. Siku ya kuhama, weka andakoti nyeupe inayoziba vizuri, iache ikauke, ndipo upake krimu mikono miwili. Ukianza na krimu moja kwa moja utapata rangi ya waridi, na utanunua kopo la tatu.