Sala tano mjini Goma: maji ya kopo moja, kibla cha upande wa mlima, na utulivu wa viungo

Sala tano za siku zina rakaa 17 za faradhi: alfajiri 2, adhuhuri 4, alasiri 4, magharibi 3, isha 4. Hesabu hiyo kila mtoto wa madrasa anaijua. Sala huharibika kwa mambo mengine: maji hayakufika mahali pake, wakati ulikisiwa, kibla kilibahatishwa, au viungo havikutulia. Maelezo haya yanafuata madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki. Panapokuwa na wepesi muhimu katika madhehebu mengine, tumeutaja.

Maji

Goma iko kandoni mwa Ziwa Kivu, lakini maji nyumbani ni yale yaliyobebwa kwa bidoni. Usione udhu kuwa mzigo kwa sababu hiyo. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, karibu theluthi mbili za lita. Bidoni moja ya lita 20 basi inatoa udhu wa watu sita kwa sala zote tano. Anayemwaga lita tatu kwa udhu mmoja hajatakasika zaidi ya mwenzake. Amefanya israfu, nayo ni makuruhu hata ukiwa ufukweni mwa ziwa.

Jaza kopo, mimina kwa mkono, usichovye. Maji yasiyofika kipimo cha kula mbili, yaani takriban lita 200, huhesabiwa machache. Ukishaosha uso kisha ukaingiza mkono kwenye basani bila kunuia kuteka, maji yale yamekuwa yaliyotumika na hayaondoi hadathi tena, yaani ile hali ya kutokuwa na udhu. Kosa hili hutokea sana pale watu watatu wanapozunguka basani moja. Mwiko mdogo wa kutekea unalimaliza.

Faradhi za udhu ni sita. Ya kwanza ni nia, na mahali pake ni moyoni unapoanza kuosha uso. Halafu uso wenyewe, toka maoteo ya nywele mpaka chini ya kidevu, na toka sikio mpaka sikio. Mikono pamoja na viwiko. Kupaka maji sehemu ya kichwa, hata kidogo. Miguu pamoja na vifundo vyake. Ya sita ni kufuata mpangilio huo bila kuurukaruka. Bismillahi, kuosha viganja, kusukutua, kupandisha maji puani, kupaka masikio na kurudia mara tatu ni sunna. Siku ambayo bidoni imebaki na maji ya chini tu, osha kila kiungo mara moja na udhu umetimia.

Maji ya ziwa yanafaa, ya mvua kutoka kwenye bati yanafaa, na yaliyotiwa klori yanafaa pia, maana harufu ile ndogo haiyaondolei jina la maji. Yasiyofaa ni yale yaliyochanganyika na kitu hadi yakapata jina lingine, kama chai au maji ya sabuni.

Kinachozuia maji kufika kwenye ngozi lazima kiondolewe kwanza: verni ya kucha, saruji iliyokauka mikononi mwa fundi, rangi ya mafuta, grisi nene ya mekanisia. Hina haizuii, kwa kuwa ni rangi tu isiyo na tabaka. Angalia visigino hasa. Vumbi jeusi la mji huu huingia kwenye nyufa za miguu na kugeuka tope gumu, na mtu anayemimina maji juu ya mguu tu anaacha kisigino kikavu. Mtume aliwaona watu waliofanya hivyo akasema: "Ole wa visigino na Moto." Pitisha kidole nyuma ya kisigino na katikati ya vidole.

Maji yakikosekana kabisa, au yaliyopo ni ya kunywa, au ugonjwa hauruhusu, kuna tayamamu. Subiri wakati wa sala uingie. Piga viganja kwenye udongo safi mara moja, upake uso. Piga mara ya pili, upake mikono pamoja na viwiko. Sharti la Shafii ni udongo wenye vumbi, na hapa ndipo Goma ina tatizo lake, kwa sababu sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya lava. Jiwe lililooshwa na mvua halina vumbi la kushika kiganja. Wafuasi wa Hanafi na Maliki wanaruhusu jiwe lenyewe, lakini njia salama ni kuweka nyumbani sahani ya udongo mkavu wa shamba, hasa kwa mgonjwa asiyeweza kutoka. Tayamamu moja ni ya faradhi moja. Sala inayofuata inataka nyingine.

Saa zinavyokwenda

Tukiwa karibu na Ikweta, nyakati zetu hazihami sana. Jua la Goma hufika katikati ya mbingu kati ya 11:47 mwanzoni mwa Novemba na 12:17 katikati ya Februari, kwa saa za simu. Adhuhuri huingia jua likishapinda tu baada ya hapo. Kwa hiyo anayesali "saa sita kamili" mwaka mzima, mwezi Februari atakuwa amesali kabla ya wakati, na sala hiyo haihesabiki kuwa adhuhuri.

Alasiri inapimwa kwa kivuli. Simika fimbo ya mita moja. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linapita utosini, kivuli cha mchana karibu hakipo, na alasiri inaingia kivuli kikifika mita moja. Mwezi Juni kivuli cha mchana kina sentimita 47 hivi, Desemba karibu 40. Hizo unaziongeza: subiri kivuli kifike mita 1.47 au 1.40. Asiyeongeza kile kivuli cha mchana husali mapema, akidhani amewahi.

Magharibi ni jua kuzama lote. Isha ni kutoweka kwa wekundu wa magharibi, kama saa moja na dakika kumi baadaye. Usidanganywe na wekundu mwingine. Nyiragongo ikiwaka, mawingu juu yake huonekana mekundu usiku kucha, lakini huo ni moto wa volkano na uko kaskazini. Shafaki, yaani wekundu wa jua lililozama, inatazamwa upande jua lilipotua. Alfajiri nayo ni weupe unaotanda kwa upana upande wa mashariki, si ule mwanga mwembamba unaosimama kama mkia kisha ukafifia. Muda wake ni kama saa moja na dakika kumi kabla ya jua kuchomoza. Mtu anayeamka na kuona mawe ya barabarani waziwazi bado ana wakati, ila asianze kutafuta viatu.

Kibla

Kutoka Goma, Makka iko kaskazini, na kupinda kwenda mashariki kwa nyuzi 24 hivi. Ziwa liko nyuma ya mgongo wako. Mlima Nyiragongo unasaidia, lakini unategemea umesimama wapi. Ukiwa Keshero au Himbi, kilele cha mlima kiko karibu sawasawa na kibla. Katikati ya mji, elekea kilele kisha geuka kulia kidogo. Birere, karibu na mpaka wa Gisenyi, geuka kulia zaidi, karibu nyuzi 20. Ukifika Sake kanuni hii imekufa: kule mlima uko mashariki, na anayeufuata amekiacha kibla mbali.

Dira ya simu ni nzuri, ila mawe ya lava yana madini ya chuma yanayoivuta, na bati, nondo na pikipiki vinafanya vivyo hivyo. Usiilaze simu chini. Ishike usawa wa kifua, mbali na chuma, ujaribu sehemu mbili tofauti za uwanja. Zikipingana, amini jua. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei saa 11:18, na 15 au 16 Julai saa 11:27 (kwa saa za simu za Goma), jua linakuwa juu ya Kaaba kabisa. Dakika hiyo fimbo iliyonyooka ya mita moja inatoa kivuli cha karibu nusu mita, na kuelekea jua ndiko kuelekea kibla. Siku ya Julai ni bora, mvua zimekatika. Piga mstari wa rangi sakafuni, na nyumba nzima imepata kibla kwa miaka yote.

Mahali

Msala safi unatosha, na juu ya lava weka kitu kinene chini yake ili magoti yasiumie ukaikimbia sijda. Lakini kuna jambo moja la Goma lisilopatikana kwenye vitabu vya fikihi, nalo ni la kuokoa maisha. Upande wa magharibi wa mji, karibu na ziwa, yako mabonde na mashimo yenye mazuku: gesi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, isiyoonekana, inayojikusanya chini wakati hakuna upepo, hasa usiku mpaka asubuhi. Aliyesimama anaweza asihisi kitu. Aliyesujudu ameweka pua yake palepale gesi ilipo. Usisali alfajiri kwenye shimo, korongo au msingi wa nyumba uliochimbwa maeneo hayo. Tafuta paliponyanyuka. Ukihisi kizunguzungu au pumzi kukata ukiwa kwenye sijda, kata sala, panda juu, uianze upya. Kuilinda nafsi ni wajibu.

Ndani ya sala

Nuia moyoni sala gani na kwamba ni faradhi, na nia hiyo iwepo wakati ulimi unasema *Allahu akbar*. Usivute herufi ya b ukasema "akbaar". Kwa Kiarabu limekuwa neno jingine kabisa, na sala haijafunguliwa.

Kisha Fatiha, aya saba, ya kwanza ikiwa Bismillahi. Hapa tukae kidogo, maana Kiswahili tunachoongea Kivu kinameza h na kugeuza dh kuwa z. Anayesema "abari" sokoni huja kusema "alamdu" kwenye sala. Ni *alhamdu*, na h yake inatoka kooni. Ni *alladhina*, ulimi ukigusa meno, si "allazina". *Iyyaka* ina shada, yaani herufi inayokazwa kama mbili. Ukiilegeza ikawa "iyaka", maana imehama kutoka "Wewe tu" kwenda kwenye mwanga wa jua. *An'amta* ni "umewaneemesha". Anayesema "an'amtu" anadai yeye ndiye mwenye kuneemesha. Fatiha ina shada 14, na kila moja ni herufi. Asiyeweza bado anasamehewa maadamu anajifunza, kwa hiyo kaa mbele ya mwalimu akusikilize. Kusoma maandishi ya kilatini peke yako hakutoshi.

Sababu ya kuisoma polepole haiko kwenye matamshi tu. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mwenyezi Mungu anasema ameigawa sala nusu mbili baina Yake na mja Wake. Mja akisema *Alhamdu lillahi rabbil 'alamin*, Yeye husema: mja wangu amenihimidi. Mja akifika *iyyaka na'budu*, jibu ni kwamba hii ni baina yangu na mja wangu, na atapata alichoomba. Kila aya ina jibu lake. Anayeisoma Fatiha nzima kwa pumzi moja anazungumza bila kumpa mwenzake nafasi.

Rukuu: viganja vifike magotini, mgongo unyooke. Itidali: simama mpaka kila mfupa urudi mahali pake. Sijda: viungo saba viguse ardhi, paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili, na matumbo ya vidole vya miguu yote miwili. Makosa yanayorudiwa ni kofia iliyoshuka ikafunika paji lote, na vidole vya mguu vilivyonyanyuliwa. Kaa baina ya sijda mbili, uende ya pili. Kila mahali utulie angalau kwa muda wa kusema *Subhanallah*. Mtume alimwona mtu akisali haraka, akamwambia: "Rudi ukasali, kwani hukusali," mpaka mara tatu, kisha akamfundisha kutulia katika kila tendo. Mtu yule alikuwa ametimiza matendo yote. Kilichokosekana ni utulivu.

Mwanamume ahakikishe shati halipandi mgongoni anaposujudu, likafunua chini ya kitovu. Mwanamke afunike mwili wote isipokuwa uso na viganja, na nguo nyembamba inayoonyesha rangi ya ngozi haihesabiki kuwa stara.

Ukisahau idadi ya rakaa, shika ile ndogo uliyo na yakini nayo, umalizie, kisha sujudu sijda mbili za kusahau kabla ya salamu. Tahiyatu ya mwisho, kumsalia Mtume na salamu ya kwanza ni nguzo. Ya pili ni sunna.

Ukipanda boti ya Bukavu

Umbali wa Goma na Bukavu ni takriban kilomita 100, hivyo safari hii inaingia katika ruhusa. Ukishatoka kwenye majengo ya mji unaweza kufupisha adhuhuri, alasiri na isha kuwa rakaa mbili mbili, na kuunganisha adhuhuri na alasiri, au magharibi na isha. Alfajiri na magharibi hazifupishwi. Ukinuia kukaa Bukavu siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, sali kamili tangu unapofika.

Simama ukiweza. Mawimbi yakikutia kizunguzungu au hofu ya kuanguka, kaa. Kibla nacho ni rahisi: Bukavu iko upande ulio kinyume kabisa na Makka, kwa hiyo boti ikiwa imenyoosha kwenda kusini, kibla ni tezi, nyuma ya chombo, wakati wa kurudi Goma ni omo, mbele. Inapokata kona kuzunguka kisiwa cha Idjwi, muulize nahodha kabla ya kufunga sala, na chombo kikigeuka ukiwa ndani ya sala, geuka nacho.