Jinsi ya kuomba kibali cha kukata mti wenye kiota cha hondohondo mjini Moshi

Kabla hujamwita fundi wa msumeno, simama chini ya mti wako asubuhi, hata nusu saa, utazame juu. Hondohondo ni ndege wa msituni, ila mikuyu na miti mikubwa ya zamani ya Moshi imewavuta mjini. Ukimwona dume, yule mwenye pembe ya rangi ya maziwa juu ya mdomo, anarudi kwenye shimo lilelile la shina na kutapika tini mojamoja kwenye ufa mwembamba, jua jike yumo. Amejiziba kwa udongo aliopewa na dume, na anakaa humo takriban miezi minne akilea. Jirani yangu alikata bila kutazama. Siku tatu dume alikuja na chakula kooni, akazunguka kisiki.

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, akupe utambulisho kwamba kiwanja ni chako. Kisha andika barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kupitia kwa mtendaji wa kata. Kwenye "Yah:" taja namba ya kiwanja na aina ya mti. Eleza hatari inayoonekana: tawi limelalia paa, shina limeoza upande wa barabara. Kelele za ndege hao alfajiri si sababu ya kuangusha mti, kwa maoni yangu. Na usifiche kiota. Kiandike, ambatanisha na picha. Kama shida ni tawi moja, omba kupogoa tu.

Peleka nakala mbili masjala, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Bila mhuri huo huna cha kufuatilia.

Afisa maliasili atakuja kukagua. Mwonyeshe shimo, mwombe aandike kwenye kibali kwamba kazi isubiri makinda yaruke. Kumkamata au kumhamisha ndege ni jambo jingine: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inataka kibali chake, kwa hiyo muulize afisa wanyamapori au ofisi ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kama kuna ada, dai namba ya malipo ya Serikali, usimpe mtu fedha mkononi.

Kibali kikitoka, tazama tena. Ukiona ukuta wa udongo umebomolewa, tena dume hajaleta chakula asubuhi mbili mfululizo, mpigie fundi simu.